Mapanga ya Fundi

Fundi alikuwa anaanika betri. Watu wote wa Kitangari walianika makopa ya muhogo juu ya mapaa, na yeye, kando ya makopa ya mkewe, alipanga betri za tochi zilizokwisha nguvu akazipa jua kama zina homa. Jioni alizishusha, akaziunga moja moja kwa kipande cha waya na kuugusisha waya ulimini. Betri ikimchoma kidogo aliiweka kulia. Isipomchoma aliiambia, "Rudi kesho." Siku moja mvua ilikuja ghafla, yeye akaokoa betri na makopa yakalowa, na ugomvi wa siku hiyo tuliusikia nyumba zote za jirani.

Hakuwa na redio wala tochi. Betri zile zilikuwa za ndege.

Ninaandika habari zake kwa sababu tumemzika juzi, na mazikoni waliosimama kumzungumzia walisema alikuwa mchonga vinyago. Hakuwa mchonga vinyago. Nilikaa naye ua kwa ua tangu nywele zangu zote zikiwa nyeusi. Shule nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo nitaandika nilichokiona, na nisichokiona nitasema sikukiona.

Walikuja kutoka ng'ambo ya Ruvuma wakati wa vita, yeye na mkewe, na mzigo mmoja wenye tezo, patasi na chungu. Mkewe tulimwita Mama Atanasi. Kwa haki yeye naye alikuwa Baba Atanasi, lakini jina hilo alilitumia mkewe peke yake. Sisi wengine tulimwita Fundi. Atanasi hatukumwona. Alibaki kule, ndani ya nyumba iliyopigwa na ndege ya Wareno, akiwa hajaanza hata kung'oka meno ya utoto. Hayo aliniambia mama yake tukiwa njiani kwenda maji, mara moja tu, wala hakusimama ili anieleze. Aliendelea kutembea.

Maji kwetu yako chini bondeni. Unateremka, unapanga foleni kisimani, unapanda na ndoo kichwani, na ukifika nyumbani kila mtu anakuangalia kama umeleta mtoto mchanga. Mama Atanasi alikuwa hodari wa kupanda kuliko mimi niliyekulia Lupaso, kwenye tambarare. Ila ndege ikisikika, hata iwe ya serikali, hata iwe mbali inaelekea Nachingwea, aliiachia ndoo ikaanguka, akaingia chini ya mkorosho wa karibu na kufunika kichwa kwa mikono yote miwili. Maji yamemwagika, na nusu ya siku imemwagika nayo. Jioni Fundi hakuuliza maji yako wapi. Alichukua maji yake ya kuoga akayatia kwenye chungu cha kupikia. Kisha alimwambia maneno ambayo niliyasikia kupitia ua mara nyingi mno: "Hakutuona, mama. Kutoka juu hawaoni kitu. Wanaona miti tu."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Barazani watu walipomtukana Mreno hakubishana nao, wala hakuwaunga mkono. Alinusa ugoro akaangalia pembeni. Nyumbani mwake, Mreno yule hakuwaona, basi.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Alikuwa Mmakonde asiyependa mpingo. Vijana waliochonga kwa ajili ya wateja wa Dar es Salaam walimtania kwamba alivuka mto akausahau Umakonde wake kule, naye aliwajibu kuwa mpingo hauruki. Alitaka mti mwepesi, mfune, na siku aliyopata gogo zuri la mfune alitembea nalo begani akitabasamu peke yake. Alikuwa Mkristo, lakini Ramadhani hakula mchana mbele yetu, na magharibi akija kwetu kufuturu alikula kuliko waliofunga. Aliogopa baiskeli. Kwenda Newala alitembea kwa miguu, na baiskeli ikimpita alisimama kando ya njia kama anayempisha ng'ombe mkali. Lakini beringi ya baiskeli aliitafuta kwa kila mtu, na alipoipata aliilaza kwenye mafuta ya nazi siku nzima.

Kwa nini alihitaji beringi, hiyo ni habari ya shingo ya Mama Atanasi.

Aliota uvimbe. Ulianza mdogo kama korosho bichi, ukafikia ngumi ya mtoto. Tulikuwa tumeshahamia kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na mimi na wao tukabahatika kupangwa jirani tena. Hospitali ya Mkomaindo, kule Masasi, daktari aliwaambia kwa upole kwamba uvimbe unasogea kwenye koo, lazima ukatwe, na wa kuukata yuko Dar es Salaam. Masika yalikuwa yameshaifunga barabara. Lakini kulikuwa na ndege ndogo ya wagonjwa iliyotua Masasi mara chache, ingemchukua yeye na mtu mmoja wa kumwangalia.

Walikwenda. Ndege ilitua, na kabla injini haijazimwa Mama Atanasi alikuwa ameshapotelea kwenye mikorosho. Walipompata, ndege ilikuwa imekwenda. Daktari hakuwagombeza. Aliwaambia itarudi kabla masika hayajaisha, na kwamba asipopanda safari hiyo, uvimbe hautangoja kiangazi, utamziba pumzi.

Fundi alirudi Kitangari akakaa kutwa bila kunusa ugoro. Kesho yake alianza kuchonga ndege.

Na hakuchonga ndege ya wagonjwa. Alichonga ileile ya vita. Pua fupi ya mviringo, mabawa chini, na juu kibanda kirefu cha vioo kama tundu la kuku. Aliijua kwa sababu kabla ya vita alikuwa kibarua wa kufyeka nyasi kwenye kiwanja cha Wareno, na alifagia chini ya ndege za namna ile. Kiwiliwili alikitengeneza kwa mabua ya mtama na mbao nyembamba, akaipaka ndege nzima majivu. Ilifanana mno. Watu waliopita uani walinyamaza. Mzee mmoja alimwita kando akamwambia kwamba ndege ni wa porini, ndege ni chombo, na ndege ni mkosi pia, na yeye ameleta ndege mbaya nyumbani kwa mwanamke mgonjwa. Fundi alimjibu kwa adabu, "Ni mbaya, mzee wangu. Ndiyo maana nampa mapanga mengi, asipige kelele."

Kile kinachozunguka puani mwa ndege sisi tulikiita pangaboi, na kila bapa lake ni panga. Neno hilo lilimletea Fundi kisa ambacho Kitangari bado wanakisimulia. Wakati ule kila mtu kijijini alitakiwa aseme anazalisha nini. Katibu wa kijiji, kijana wa Kilimanjaro, mchapakazi, alimwuliza Fundi, na Fundi akasema mapanga. Katibu alifurahi sana, kwa sababu shamba la ujamaa lilikuwa halijafyekwa na duka la ushirika halikuwa na panga hata moja. Akatangaza mkutanoni kwamba Fundi ataleta mapanga, watu wakapiga makofi. Siku ya kufyeka Fundi alikuja na kikapu. Katibu aliingiza mkono akatoa pangaboi la mapanga matano, kila moja urefu wa kidole.

"Hili nifyekee nini, Fundi?"

"Upepo," Fundi akasema.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na mwisho katibu naye akacheka. Pangaboi lile aliomba apewe, akalining'iniza dirishani mwa ofisi yake.

Mota ilitoka kwenye gramafoni ya betri iliyovunjika ya mwalimu mmoja kutoka Bukoba. Mwalimu huyo alipenda kuja kuangalia, na ndiye aliyemwambia kwamba Ulaya kuna watu wanarusha ndege ndogo kama zile kwa redio, bila waya, mtu amesimama chini na kisanduku mkononi. Fundi alilifikiria hilo hadi mwalimu akamaliza chai.

"Na huyo aliye chini anaiona ndege?"

Mwalimu akasema anaiona muda wote, na inamtii.

"Basi hiyo ni nzuri," Fundi akasema.

Yake ilikwenda kwa waya. Alisimika mti katikati ya ua, juu yake beringi, juu ya beringi fito ndefu, na kwenye ncha ya fito ndege. Waya uliteremka mpaka kwenye betri alizozifunga kwa kamba ya katani. Akiunganisha, pangaboi linavuta na ndege inauzunguka mti, mpaka waya unajisokota na yeye inambidi airudishe kinyumenyume kwa mkono.

Mota ile haikuwa na nguvu. Ukiipa mapanga mawili ilikimbia ikilia kwa ukali, na ukifumba macho ilikuwa ileile ya vita ukiisikia kutoka mbali. Ukiipa mapanga sita ililemewa, ikazunguka polepole na kuguna kama nyuki ndani ya mzinga. Fundi alitaka kuanza na sita, kisha ashuke mpaka mawili. Alikuwa amekwenda kuiangalia ndege ya wagonjwa siku ile ilipotua, mkewe akitafutwa, na pangaboi lake lilipoacha kuzunguka alihesabu: mawili.

La sita halikumsumbua. Alichonga mapangaboi mawili ya mapanga matatumatatu akayabebanisha. La matano ndilo lililomtoa jasho, maana halitoki kwa kubebanisha chochote. Alilichonga na kulitupa, akalichonga tena, akigawa duara kwa uzi aliouzungushia mdomo wa kikombe. Lile la manne alilipinda kinyume kwa kusahau, na alipounganisha waya ndege ikaenda kwa mkia. Jirani mmoja akapiga kelele kutoka uani kwake, "Fundi, inarudi kwenu ng'ambo!" Fundi alicheka hadi akapaliwa na ugoro.

Kulipima pangaboi alilipitisha sindano katikati, akailaza sindano juu ya midomo ya vikombe viwili, akalisukuma kwa kidole. Likisimama, panga moja linashuka chini. "Hili limeshiba," anasema, na kulikwangua kwa kigae cha chupa na jani la msasa. Analisukuma tena. "Sasa hili ndilo lenye shibe." Nimemwona akifanya hivyo tangu naondoka kwenda maji mpaka narudi. Asipolisawazisha, alisema, ndege itatetemeka, na mtu mwenye hofu anasikia mtetemo kabla ya sauti.

Siku ya kwanza Mama Atanasi alikuwa mlangoni anapukuchua kunde. Fundi alimwambia kabla, hakumvizia. Alimwambia ni mapanga sita, ni yeye ameshika waya, na akiinua mkono tu ataukata. Ilipoguna, Mama Atanasi aliweka ungo chini akashika mwimo wa mlango. Aliinua mkono. Fundi akakata. Kesho yake ikawa hivyohivyo, ila mkono ulichelewa. Ikafika siku hakuinua mkono, na kunde zikaendelea kuanguka kwenye ungo. Kuanzia hapo kila asubuhi aliuliza, kama mtu anavyouliza mboga ya leo ni nini, "Baba Atanasi, leo mangapi?"

Matano. Manne. Kwenye matatu alirudi nyuma, alikimbilia ndani na Fundi akamrudishia manne kwa siku kadhaa. Uvimbe nao haukulala. Alianza kukoroma akiwa macho, na uji akaunywa kwa kijiko. Kila walipomaliza, Fundi alichukua shoka akaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Nilidhani ni joto la kazi. Mkewe alimwambia kutoka mlangoni, kwa sauti iliyokwisha kukwaruza, "Kuni zinatosha, Baba Atanasi." Naye hakuacha kupasua.

Siku ya mawili nilikuwepo. Mama Atanasi alitoka mlangoni akaenda kusimama karibu kabisa na mti, mikono imelala ubavuni, na ndege ikamzunguka ikilia. Machozi yalimtoka lakini hakusogea. Niliangalia upande wa Fundi. Alikuwa ameshika waya na kuangalia chini, kwenye vidole vya miguu yake. Waya ulipojisokota ndege ilisimama yenyewe. Kisha Mama Atanasi akasema inapiga kelele kuliko ukubwa wake.

Ndege ya wagonjwa iliporudi, tulishuka Masasi kwa lori. Ndugu zangu wanaishi Mkomaindo, tukalala kwao. Fundi aliniomba niende nao, nimshike mkono mmoja na yeye amshike wa pili, akitaka kukimbia. Yeye ndiye angepanda naye. Nguo zao zilikuwa kwenye kitambaa kimoja alichokifunga mwenyewe.

Ilitua. Injini iliachwa ikiunguruma, maana mawingu yalikuwa yanakuja. Mama Atanasi alisimama. Mkono wake ndani ya mkono wangu ulikuwa baridi kama samaki. Akamgeukia mumewe.

"Mangapi?"

"Mawili, mama. Uliyoyazoea."

Akatembea. Nesi alimpa mkono akapanda, akakaa, akafungwa mkanda. Hapo ndipo nilipoona kwamba Fundi hakuja. Alikuwa amebaki pale tulipokuwa, amekikumbatia kitambaa cha nguo kifuani. Rubani alipunga mkono kumwita. Fundi aliinua mguu akaurudisha palepale. Nilimwendea. Alinipa mzigo, nami nikapanda kwa nguo nilizokuwa nimevaa.

Alikatwa uvimbe, akapona. Tulirudi kiangazi kwa basi, shingo yake imefungwa kitambaa cheupe, na Fundi alitupokea njia panda akamshika yeye, kisha akanishika mimi mikono yote miwili. Jambo la siku ile hatukulizungumza. Betri aliendelea kuanika, na mapangaboi aliendelea kuchonga, ya mapanga matano zaidi, kwa sababu alisema hayo hajayamaliza. Ndege zikipita, Mama Atanasi alishika ndoo yake kichwani akaendelea kupanda. Na jioni, akikumbuka mwanawe, nilimsikia Fundi kupitia ua akimwambia, "Hakutuona, mama," na mkewe akimjibu, "Ndiyo, Baba Atanasi. Hakutuona."

Mama Atanasi alikufa kwa uzee, amelala. Fundi alibaki, masikio yakapungua mpaka ikabidi amwangalie mtu mdomoni. Pangaboi alilipima kwa kugusa meza, akisikiliza kwa vidole.

Nilimpelekea uji mwezi mmoja kabla hatujamzika. Sindano ilikuwa juu ya vikombe, na pangaboi la mapanga matano juu ya sindano.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Hadija. Kaa." Alingoja nikae. "Siku ile ya Masasi nilikuachia mzigo."

"Ndiyo, Fundi."

"Miguu ilikataa. Nilichonga yote yale, yakamtosha yeye. Mimi hayakunitosha." Akafuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Ndani kukoje?"

Nilimweleza. Harufu ya mafuta, kelele, mtu unakaa kama ndani ya debe linalopigwa. Nikamwambia mapanga yakishika kasi hayaonekani, unaona mbele kweupe kama hakuna kitu. Hilo lilimpendeza, akatikisa kichwa.

"Na chini? Nyumba zinaonekana?"

Tulipoinuka kutoka Masasi, Mama Atanasi alibandika paji la uso kwenye kioo. Chini kulikuwa na mabati, makuti, nguo kwenye kamba, mtu amesimama mlangoni pake. Aliangalia mpaka mawingu yalipofunga. Akasema, "Kumbe nyumba zinaonekana." Kisha akasema, "Mama Hadija, usimwambie." Sikumwambia miaka yote hiyo. Lakini hakuwahi kuniuliza, na sasa ameniuliza, ananiangalia mdomo.

"Zinaonekana, Fundi."

"Yeye aliziona?"

"Aliziona. Alisema nisikuambie."

Aliweka kidole kwenye panga moja asilisukume.

"Miaka yote nikimwambia hakutuona, akinijibu ndiyo."

"Ndiyo."

"Na mimi nilimwona uso yule Mreno," Fundi akasema. "Ilipita chini sana. Alivaa miwani mikubwa. Aligeuka akaniangalia mimi, akaiangalia nyumba, ndipo akaachia bomu." Alisema polepole, bila kupandisha sauti. "Sikumwambia mama yake Atanasi. Nilisema mmoja akijua inatosha."

Nje kuku walikuwa wanaparua majani makavu ya korosho.

"Basi tulibebeana," akasema baadaye.

Akalisukuma pangaboi. Lilizunguka kwa muda mrefu bila sauti, likapungua, likasimama. Akalisukuma tena, likasimama mahali pengine. Aliinama akayaangalia mapanga yote matano, moja moja, akitafuta lililoshiba.

"Limekaa sawa," akasema, akaiinua sindano, akanisogezea kimoja cha vikombe, akaniuliza kama uji nimeutia sukari.